Kuandaa Mbio za Kuwakumbuka Wazimamoto Waliofia Kazini: Mwongozo wa Malindi

Anayetaka kuandaa mbio za kuwakumbuka wazimamoto waliofia kazini aanze na majina, asianze na fulana. Nasema hivi kwa sababu sisi tulianza na fulana. Mwaka wa kwanza kamati yetu hapa Malindi, pwani ya Kenya, ilishughulika majuma mazima na rangi, nembo na wadhamini, kisha majina ya marehemu yakakusanywa kwa simu siku mbili kabla ya kuchapwa. Asubuhi ya mbio mama mmoja mtu mzima alisimama nyuma ya kijana aliyevaa jina la mwanawe mgongoni, akalifuatisha kwa kidole herufi baada ya herufi, na alipofika kwenye jina la babu kidole kikasita. Herufi moja ilikuwa imekosewa. Hakulalamika, aliuliza tu kwa upole kama palikuwa na mzimamoto mwingine mwenye jina hilo. Utaratibu ninaoueleza hapa umetokana na swali lile.

Majina

Desturi ya kila mshiriki kubeba jina moja haikuanzia kwetu. Nchini Marekani, wazimamoto 343 wa Jiji la New York waliuawa tarehe 11 Septemba 2001, na mwaka 2005 wazimamoto wachache wa Denver walipanda ngazi za ghorofa 110, idadi ile ile ya ghorofa za minara iliyoporomoka. Zoezi hilo lilienea katika miji mingi, na kila apandaye hubeba jina la mmoja wa wale 343, na akimaliza hulitamka na kupiga kengele. Sisi Malindi hatuna majengo marefu ya kupanda, wala hayahitajiki. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwao ni jina na kengele, kwani hivyo viwili vinaweza kubebwa barabarani na ufuoni vilevile.

Kabla ya kuandika jina lolote, kamati ikubaliane kwa maandishi ni nani atakayehesabiwa kuwa amefia kazini. Aliyeangukiwa na paa la makuti linalowaka hana ubishi. Je, aliyepata ajali akiwa ndani ya gari la zimamoto kuelekea kwenye moto? Je, aliyeanguka kwa moyo saa chache baada ya kurudi kituoni? Je, aliyeugua saratani baada ya miaka ishirini ya kuvuta moshi? Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la mambo yanayojulikana kuwa yanasababisha saratani kwa binadamu, na kwa maoni yangu hiyo inatosha kuwafungulia mlango waliokufa kitandani. Uamuzi wowote mtakaoufikia, ufikieni kabla hamjajua ni familia ya nani itaguswa, maana baada ya hapo kila hoja itaonekana kuwa ni ya upendeleo.

Orodha yenyewe itafutwe kwa wazee wa kazi kwanza, kisha ithibitishwe na kumbukumbu za ofisi. Huduma za zimamoto ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, na serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo aliyefariki kabla ya hapo alikuwa mwajiriwa wa baraza la zamani la serikali ya mitaa, na jalada lake halipo palipo majalada ya waliokuja nyuma yake. Wastaafu ndio wanaokumbuka. Waendee majumbani, uwasikilize kwa utulivu, uandike wanachosema, na jina lolote lisiingizwe kwa kauli ya mtu mmoja tu.

Kisha mwende kwa familia. Nendeni watu wawili au watatu, mmoja wao awe aliyefanya kazi na marehemu, na msiende na kamera. Mkikaribishwa, kaeni, mjuliane hali, na suala la mbio lisitangulie salamu. Mzungumze na mkubwa wa nyumba, lakini mhakikishe mjane au mzazi amesikia kwa masikio yake na amekubali kwa kinywa chake. Ikiwa mjane ni Mwislamu na bado yumo edani, ambayo ni miezi minne na siku kumi, asiombwe kuja kwenye mbio wala kupigwa picha. Mwombeni ruhusa ya jina tu kupitia kwa jamaa zake, na mengine yasubiri. Familia ikikataa, shukuruni na mwondoke. Jina la mtu ni mali ya watu wake.

Familia ikikubali, itoeni kadi nyeupe na kalamu, mwombe waliandike jina wao wenyewe, kamili, kwa mpangilio wanaoutaka. Yule mama niliyemtaja aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa madrasani alipokuwa mdogo, na mjukuu wake akaliandika tena chini yake kwa herufi za kawaida. Tulichapa yote mawili. Piga picha kadi hiyo, na mchapaji achape kutokana na picha, wala si kutokana na ujumbe uliochapwa upya na mtu wa kamati. Kabla mashine haijawashwa, nakala ya mfano irudishwe kwa familia iangaliwe. Kazi hii ya majina itakula miezi miwili, na miezi hiyo haiwezi kukatwa.

Tarehe na saa

Ulimwenguni kote Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto huadhimishwa tarehe 4 Mei. Ilipendekezwa mwaka 1999, baada ya wazimamoto watano wa kujitolea kufa tarehe 2 Desemba 1998 karibu na Linton, nchini Australia, upepo ulipogeuka ghafla na moto wa msituni ukalimeza gari lao. Alama yake ni utepe mwekundu na wa buluu, yaani moto na maji. Wengi hutamani kufanya mbio siku hiyo hiyo, lakini mwezi wa Mei huku kwetu ndio kilele cha masika, na barabara za Malindi mvua ikinyesha anazijua kila mtu. Ushauri wangu ni kwamba tarehe 4 Mei mfanye kumbukumbu fupi kituoni, tepe zivaliwe na majina yasomwe, kisha mbio zenyewe ziwekwe mwezi wa Agosti, wakati jua limepungua ukali, kusi inavuma na watoto wamefunga shule.

Siku nzuri ni Jumamosi. Ijumaa ina swala yake na Jumapili ina ibada zake, na mbio hizi ni za familia za pande zote. Angalieni pia kalenda ya Kiislamu ili msiangukie Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma takriban siku kumi na moja. Waanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua ndilo kwanza linachomoza, na mbio ziwe zimekwisha ifikapo saa mbili na nusu. Baada ya hapo hata Agosti lami huanza kurudisha joto.

Njia

Njia tuliyoizoea inaanzia Buntwani, mbele ya bahari, inapita karibu na kanisa dogo la Wareno, inaelekea kusini kwa barabara ya Silversands hadi upande wa Casuarina karibu na lango la Hifadhi ya Bahari, kisha inarudi pale pale. Faida yake ni mbili. Kwanza, kwenda mkimbiaji anapambana na kusi akiwa bado ana nguvu, na kurudi upepo unamsukuma mgongoni. Pili, mtu hahitaji kukatiza barabara ya kwenda Lamu, ambako magari makubwa hayasubiri mtu.

Pimeni njia, msitegemee simu. Simu hukata kona na kuongeza mita chini ya miti. Chukueni baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, mpime kwa futi ya chuma mstari ulionyooka wa mita 300, mwiendeshe baiskeli juu ya mstari huo mara nne mkihesabu, ndipo mjue gurudumu hilo linakwenda umbali gani kwa mzunguko mmoja. Baada ya hapo pimeni njia nzima mkifuata mkato mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, na mwongeze mita moja kwa kila kilomita ili mbio zisije zikawa fupi. Upepo wa magurudumu uwe ule ule mwanzo hadi mwisho, na kazi ifanywe asubuhi mapema, kwa kuwa gurudumu likipata joto hutanuka.

Wapo watakaotaka kukimbia ufuoni. Inawezekana, ila tarehe ichaguliwe kwa kitabu cha saa za maji kujaa na kupwa, na saa ya kuanza iangukie maji makavu, wakati mchanga uliolowa ni mgumu. Siku za bamvua maji hutoka mbali lakini hurudi kwa kasi, na aliyechelewa atajikuta anakimbia kwenye mchanga laini wa juu, ambako pia kasa hutaga. Kwa mbio za watu wengi mimi napendelea barabara.

Wenyeviti wa steji za bodaboda na tuktuk wahusishwe mapema. Msiende kuwaambia njia imefungwa. Nendeni kuwauliza ni wapi ifungwe na wapi iachwe, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani anapeleka samaki soko gani saa ngapi. Tukishirikiana nao, wao wenyewe husimama kwenye makutano na kuzuia wenzao.

Joto, na suala la mavazi ya kazi

Hapa ndipo nitakapokuwa mkali. Kila mwaka hutokea kijana shujaa anayetaka kukimbia kilomita kumi akiwa amevaa koti, kofia ngumu, mabuti na mtungi wa hewa, kwa kuwa ameona picha za wenzake wa Uingereza wakifanya hivyo. Vifaa hivyo kwa pamoja hupita kilo 20. Uzito si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba koti limetengenezwa kuzuia joto lisiingie, na kwa hiyo huzuia pia joto lisitoke. Mwili hupoa jasho linapokauka, na ndani ya koti, katika unyevu wa hewa ya pwani, jasho halikauki. Nchini Marekani mshtuko wa moyo umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazimamoto wakiwa kazini. Haifai kumkumbuka marehemu kwa kumtafutia mwenzake.

Mavazi ya kazi yatumike katika kitu kifupi. Sisi huweka kipokezano cha timu za watu wanne, kila mmoja akibeba mpira wa maji uliokunjwa kwa mita 100 tu, bila mtungi wa hewa, na kinafanyika kabla ya saa moja na nusu. Watazamaji wanaona kazi ilivyo nzito, na hakuna anayepelekwa hospitali.

Kwa wakimbiaji wote, fomu ya kujiandikisha iulize maswali machache ya wazi kuhusu moyo, pumu, kisukari na kifafa, na anayejibu ndiyo aelekezwe kwa daktari kwanza au aingie matembezi ya kilomita mbili. Vituo vya maji viwe kila baada ya kilomita mbili au mbili na nusu. Hesabu yake ni rahisi: watu 300, vituo vitatu, mililita 200 kwa kila mtu katika kila kituo, ni lita 180, yaani mitungi tisa ya lita 20. Wekeni kumi na miwili, kwani watu humwagia pia vichwani.

Mjue pia kutofautisha uchovu na kiharusi cha joto. Mtu aliyechoka anajibu ukimwita jina. Mtu anayepepesuka, anayesema yasiyoeleweka au anayegombana na wanaomsaidia, na ngozi yake ina moto, joto la ndani la mwili wake huenda limepita nyuzi 40, na huyo apoozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Njia bora ni kumtumbukiza hadi kifuani katika maji ya barafu, huku mmoja akimshika kichwa kisizame. Barafu haitupi shida hapa: wavuvi huihitaji kila siku, na ukiiagiza mapema Ijumaa jioni utaipata imevunjwavunjwa. Tafuteni hodhi au karai kubwa la plastiki linaloweza kumkalisha mtu mzima, liwekwe karibu na mstari wa mwisho, lijazwe maji, na barafu ikae pembeni ndani ya magunia. Gari la wagonjwa liwe na wahudumu waliofunzwa, na dereva wake aijue njia ya kutokea.

Kituo kisiachwe mtupu

Jambo hili wasio wazimamoto hawalifikirii. Siku ya mbio moto haupumziki, na Malindi yenye mapaa ya makuti, wakati kusi inavuma, cheche moja huruka nyumba tatu. Zamu iliyo kazini isikimbie, hata kama ndiyo yenye mwanariadha bora. Walio mapumzikoni ndio wakimbie. Gari la zimamoto lisiletwe kwenye mstari wa kuanzia likapambwa na kuzungukwa na watoto. Maji ya tangi lake yasitumiwe kuwanyunyizia wakimbiaji. Na njia ya mbio isipite mbele ya lango la kituo. Kila msimamizi wa njia afundishwe kwamba king'ora kikilia, wakimbiaji wote wanahamia upande wa kushoto na kusimama, hata anayeongoza. Lifanyieni mazoezi mara moja kabla ya kuanza, kwa kipaza sauti.

Vibali

Msafara wa watu barabarani unahitaji taarifa ya maandishi kwa mkuu wa kituo cha polisi. Sheria ya Utaratibu wa Umma, Sura ya 56, inataka taarifa hiyo itolewe si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla ya tukio, kwa hiyo barua ya miezi miwili nyuma haitoshelezi sheria, japokuwa ni vizuri kwenda kujitambulisha mapema. Uchangishaji wa fedha kwa umma nao una sheria yake, Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106. Ulizeni leseni kabla ya kutoa tangazo lolote lenye nambari ya kulipia. Kaunti ipelekewe barua ya barabara na ya uwanja. Taarifa za afya na nambari za simu za washiriki zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hivyo fomu zisiachwe mezani zikasomwa na kila apitaye.

Fedha

Chukulia mna washiriki 250 na kila mmoja analipa shilingi 500. Mmepata 125,000. Kila mmoja akipewa fulana ya shilingi 450, mmetumia 112,500, na familia zimebakiwa na 12,500. Hivyo ndivyo ilivyotukuta, kwa hesabu inayokaribia hiyo, na nilipolazimika kuieleza mbele ya wajane sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Tangu hapo mshiriki hupewa namba ya kifuani, kadi ya jina na utepe mwekundu na wa buluu. Anayetaka fulana anainunua kando kwa bei yake. Wadhamini waombwe vitu kabla ya fedha: maji, barafu, viti, hema, machungwa. Kinachotolewa kama kitu hakipiti mkononi mwa mtu, na hakihitaji kuelezwa sana.

Fedha zipokewe kwa nambari ya Paybill iliyounganishwa na akaunti ya kamati, kamwe si kwa simu ya mwenyekiti hata akiwa mcha Mungu kiasi gani. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, mmoja wao atoke upande wa familia. Pesa taslimu zihesabiwe na watu wawili pale pale, risiti itolewe, na zipelekwe benki siku ya kwanza ya kazi.

Kabla ya kugawa, mzungumze na kila familia kuhusu haki zake za kisheria. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inawapa wategemezi wa mfanyakazi aliyefia kazini fidia inayolingana na mapato ya miezi 96. Hicho ni kiasi ambacho mbio zetu haziwezi kukifikia hata zikifanywa miaka kumi. Kwa hiyo sehemu ya michango inaweza kutumika kumsaidia mjane kufuatilia fidia ambayo haijalipwa, kwa nauli, nakala za hati na wakili, na mara nyingi hilo litamfaa kuliko bahasha. Karo ilipwe shuleni moja kwa moja, na mwanafunzi asiitwe jukwaani kushukuru. Mtoto aliyefiwa hana deni kwa mtu.

Asubuhi yenyewe

Kila mkimbiaji akabidhiwe nakala ya kadi yake siku moja kabla, pamoja na mtu wa kumfundisha kulitamka jina. Msibanie muda hapa. Kijana aliyetoka bara anaweza kulikata vibaya jina la Kigiryama, na wa mjini vilevile. Kabla ya kuanza, mzimamoto aliyefanya kazi na marehemu wale ayasome majina yote kwa mpangilio wa tarehe za kufariki, si wa vyeo. Sheikh aombe dua, mchungaji aombe sala, kila mmoja kwa ufupi aliokubaliana na kamati, kisha dakika moja ya kimya. Hotuba za viongozi, kama zipo, zije baada ya mbio, wakati watu wamekaa kivulini.

Kwenye mstari wa mwisho pawe na kengele na mtu wa kuisimamia. Mkimbiaji akifika, muda wake unaandikwa, anapewa maji, anapumua, ndipo analitamka jina na kupiga kengele mara moja. Jamaa wa marehemu akiwepo, anampa kadi mkononi. Muziki uzimwe wakati huo, na usiwashwe kabla ya mkimbiaji wa mwisho kufika, hata akiwa ni mzee anayetembea na fimbo. Wengi wa hao huwa ndio baba wa marehemu.

Baada ya mbio

Ndani ya siku kumi na nne kamati iandike taarifa ya mapato na matumizi katika ukurasa mmoja, ipelekwe kwanza majumbani kwa familia na kusomwa kwa sauti kwa asiyesoma, ndipo ibandikwe kituoni na mahali watu wanapopita. Kadi za asili zilizoandikwa na familia zifungwe katika bahasha isiyopenya maji na kuwekwa ndani ya sanduku la kituo, kila moja ikiwa na tarehe na jina la aliyeiandika. Mwaka unaofuata, mwezi wa Juni, sanduku lifunguliwe na kila familia itembelewe tena kuulizwa kama bado inaridhia, kwa kuwa ruhusa ya mwaka jana ilikuwa ya mwaka jana.